Aliitwa Mara Moja

Anayetaka kucheka acheke kwanza, amalize, ndipo asome. Sitachukia. Padri alicheka, mualimu wa Kurani akatikisa kichwa, kila mumoja kwa dini yake. Lakini haya niliyaona na macho yangu haya, ambayo leo yameingia ukungu, lakini siku ile yalikuwa yanaweza kutoa muiba muguuni mwa mutoto bila taa. Tena haikuwa usiku. Watu wanapenda kusema mufu anatoka usiku. Wangu nilimukuta muchana, jua iko juu ya kichwa, na nilikuwa sina homa, sijanywa kitu.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji huku kwetu Kongo, pale Kasongo, kwenye kiwanda cha pamba. Nyinyi wa leo hamujui pamba. Wakati ule kila shamba lilikuwa na pamba, utake usitake. Muhogo ukikosa kulima, shauri yako na watoto wako. Pamba ukikosa, polisi anakuja na kamba. Pamba ilitoka Kabambare, ilitoka Lusangi, ilitoka kote, vichwani mwa watu, ikaingia pale kwenye ile nyumba ndefu ya mabati. Hata sasa nikisikia harufu ya mafuta ya mbegu za pamba nafunga mulango. Lakini sikuanza kuandika ili niwaeleze juu ya mafuta.

Bwana yangu alifanya kazi pale. Aliitwa Asumani. Jina lake naliandika hapa kwa sababu kalamu haina mudomo. Kwa mudomo sijalitamka hata siku moja, mpaka leo hii. Sisi tulilelewa hivyo, muke hamuiti bwana yake kwa jina. Nilimuita Baba Zuena, naye akaniita Mama Zuena, kwa mutoto wetu, jina tulilolichagua tangu ndoa, kabla hajazaliwa.

Sasa shika jambo moja, usiliache lianguke. Asumani alikuwa mutu wa Lusangi, na kule kwao mutoto anafundishwa hivi kabla hajajua kufunga nguo: ukisikia unaitwa, na humuoni anayekuita, usiitike. Ngoja. Muzimu anaita mara moja tu, hana nguvu ya kurudia. Mutu wa damu atakuita tena. Ukiitika ile ya kwanza, umejitoa mwenyewe.

Miye nimezaliwa Kasongo, sikuyajua hayo. Mwanzo wa ndoa yetu nilikuwa naona ni kiburi. Yuko nyuma ya nyumba, namuita, kimya. Namuita tena, ndipo, "Naam!" na kuja mbio akicheka.

"Baba Zuena, una masikio ao una matundu?"

"Masikio iko. Nilikuwa nakupima, uko muke ao uko muzimu."

"Muzimu gani anatwanga majani ya sombe?"

"Eh! Wa kwenu Kasongo wanaweza. Munapenda kula sana."

Hivyo hivyo, miaka yote. Nikazoea. Nikawa naita mara mbili bila kufikiri, kama vile mutu anavyogonga mulango.

Kiwanda kilikuwa hivi. Chini iko mashini, ile inayotenganisha mbegu na pamba. Juu iko sakafu ya mbao, na ngazi ya kupandia. Wanaume walipandisha vikapu, wakamwaga pamba kule juu mpaka ikawa kilima. Katikati ya sakafu iko tundu, kubwa kupita kitanda, na kifuniko cha mbao kinachofungwa kwa komeo kutoka chini. Mutu wa chini akivuta komeo, kifuniko kinaanguka, pamba inashuka kwenye mudomo wa mashini. Haya, fikiri. Pamba imefunika sakafu yote, imefunika na kifuniko. Nyeupe hapa, nyeupe pale. Mutu wa juu atajuaje amesimama juu ya nini?

Zamani tundu lilizungushiwa mbao, kimo cha kiuno. Bwana Filimbi akasema zinazuia vikapu, zinachelewesha kazi, zitolewe. Huyo Bwana Filimbi ndiye muzungu wa kiwanda. Jina lake la kweli silijui. Yeye hakuongea, alipiga filimbi tu, ya kuanza, ya kula, ya kutukana. Mbao zikatolewa. Nilijua zilikokwenda, kwa maana nilikuwa nazipita nikienda mutoni: zilijengewa banda la kuku wake. Zilisimama vizuri sana. Kuku wa muzungu hawakuanguka.

Basi wanaume wakajitafutia njia. Kabla ya kuvuta komeo, wa chini anapiga nyundo kwenye kipande cha reli kilichoning'inia pale. Wa juu akisikia chuma anarudi ukutani, naye anapiga mbao kwa kisigino. Ndipo komeo linavutwa. Mashini ikinguruma sauti ya mutu haisikiki, lakini chuma kinasikika. Walifanya hivyo, na mutu hakuumia.

Wa juu alikuwa bwana yangu, wa chini alikuwa Salumu. Huyu ni mutoto wa Kasongo kabisa, baba yake alikuwa na duka la vitambaa, yeye akichekeshwa anacheka mpaka anashika ukuta asianguke. Ni Salumu aliyekuja kwetu kumuposea Asumani. Alikula wali wa mama yangu sahani nzima kabla ya kusema kilichomuleta, mpaka baba akamuuliza, "Kijana, umekuja kuposa ao kushiba?" Walipendana wale wawili kama watu waliolala tumbo moja.

Siku ile mukanda wa mashini ulikatika. Mashini ikanyamaza. Wakachukua ile nyundo kwenda kutengeneza, wakahangaika, wakamaliza, Bwana Filimbi akapuliza ya kuanza. Salumu yuko chini, sanduku la mashini ni tupu, anataka pamba. Nyundo haijarudi. Lakini mashini haijawashwa, kiwanda ni kimya, kwa nini ahangaike na chuma? Akainua kichwa, akaita kwa mudomo:

"Asumani!"

Kimya.

Akafikiri, ameshuka kula. Akavuta komeo.

Watu wanafikiri pamba itamupokea mutu. Pamba haipokei mutu, ndugu yangu. Pamba ilitangulia, yeye akafuata, na chini ya pamba iko chuma.

Nilikuwa napeta muchele wakati mwanamuke wa jirani alipokuja mbio bila kitambaa kichwani. Mwanamuke akikimbia bila kitambaa anasema nini tena? Nilipofika, Salumu alikuwa amemulaza bwana yangu mapajani, anamupangusa pamba usoni. Anamupangusa tu, nyusi, ndevu, masikio, kana kwamba pamba ndiyo iliyomuua na ikitoka ataamuka. Bwana Filimbi alitazama, akasema neno moja kwa kapita, musimamizi wa wafanyakazi, na kapita akatutafsiria: "Anasema hakuangalia alipokanyaga." Halafu filimbi.

Tukamuzika. Mama yake akaja kutoka Lusangi kwa miguu, kupitia Kabambare, pamoja na kaka wawili wa marehemu. Mama mukwe alikuwa mwanamuke mufupi, mukavu, asiyelia mbele ya watu. Aliuliza swali moja tu: "Ilikuwa namna gani?" Wakamueleza: aliitwa, hakuitika, komeo likavutwa. Kisha akainua kidole, akamuonyesha Salumu.

"Huyu. Huyu amemuua mwanangu. Alimuonea wivu."

Kaka zake walikuwa wanangoja neno kama hilo. Wakasema ni kweli, Asumani alitaka kufanywa kapita, Salumu akamutupa. Wengine wakasema ni uchawi. Basi kaka mukubwa akatuma mutu kwao, alete ile dawa wanayonyweshwa wachawi. Najua, serikali ilikataza. Najua, tulikuwa waislamu, tulikuwa na shehe na kila kitu. Lakini mutu akifiwa anashika kila kilicho karibu. Dawa ikifika, Salumu angekunywa. Akitapika, hana kosa. Asipotapika, basi.

Na yeye? Unafikiri alikimbia? Kila asubuhi alikuja kwenye matanga, akakaa nje ya ua, kwenye jua, kwa sababu mama mukwe alikataza asiingie. Hapana aliyemupa hata maji. Mimi nilimupelekea mara moja, akakataa.

"Kimbia, shemeji," nikamuambia. "Nenda Kabambare, nenda hata Tanganyika. Dawa iko njiani."

"Nitakunywa, shemeji."

"Utakufa!"

"Komeo ni mukono huu uliovuta. Nitajitetea na nini?"

Basi nikaondoka na kikombe changu.

Sasa tunafika pale nilipotaka. Ilikuwa Jumapili, kiwanda kimefungwa. Nilikwenda kuchukua vitu vya marehemu: kofia, kisu, kopo lake la maji. Kapita akanifungulia mulango, lakini hakuingia. Alisema vitu iko juu, nipande. Nilimuona anaogopa, nikamudharau. Nikapanda ngazi.

Kule juu ni joto, bati linalia lia kwa jua. Mwanga unapita kwenye matundu ya misumari, na vumbi la pamba linaelea ndani yake. Na bwana yangu amesimama upande wa pili wa kilima cha pamba.

Nisimulie namna gani? Hakuwa na damu. Hakuwa na kitu cha kutisha. Alikuwa vile vile alivyorudi nyumbani jioni, na pamba kwenye nyusi, kama muzee kabla ya wakati. Ningemupangusa, angesema chakula iko wapi. Tofauti ni moja, niliiona kisha: alisimama juu ya pamba, na pamba haikubonyea.

Hakunitazama. Aliinamisha kichwa upande mumoja, sikio linaelekea sakafuni, kama mutu anayesikiliza jirani wanaongea nini.

Nikasema, "Baba Zuena."

Akainua mukono, ninyamaze.

Je, wewe ungekimbia? Ningekuwa mwanamuke mwingine ningekimbia. Lakini nilikuwa nimelala na mutu yule, nimemuosha homa, nimemuzalia. Nikaenda kwake. Nikapiga hatua, nikapiga nyingine, mikono imenyooka, na muguu wangu ulikuwa hewani aliposema kwa ile sauti yake ya kazi:

"Mama Zuena, hapo hapana mbao!"

Nikaanguka nyuma kwa matako. Pale nilipotaka kukanyaga pamba ikabonyea yenyewe, ikashuka polepole, na giza likaonekana. Walikuwa hawajafunga kifuniko sawasawa tangu siku ile. Walimwaga tu pamba, ikaziba. Niamini, nilikaa pale nikilitazama lile tundu, yeye upande ule, mimi upande huu, na sikuweza kumufikia hata kidole.

"Baba Zuena, kwa nini hutuachi? Tumekuzika vizuri."

"Ameniita mara moja," akasema. "Salumu. Sikumuona, iko chini. Nangoja aite tena, ndipo niitike nishuke."

Alisema hivyo bila huzuni, kama mutu mwenye kazi. Kisha akarudisha sikio chini. Hakusema tena. Nilimulilia, nikamuambia Zuena ameota jino, nikamuambia mambo ya nyumba. Alisikiliza chini tu. Na mimi, ambaye ningepaza sauti mpaka bati litoboke, sikuweza kumusaidia. Sikuwa mimi niliyemuita. Na jina lake, nimewaambia, halikai mudomoni mwangu.

Nilishuka ile ngazi. Kofia, kisu na kopo nilivisahau kule kule.

Sasa uone taabu yangu. Nimejua. Salumu hakumutupa. Asumani alisikia kabisa, akasimama palepale juu ya kifuniko, akangoja ya pili kama alivyofundishwa. Chuma angekitii, chuma si muzimu. Lakini sauti inayotoka chini ya sakafu, kwenye kiwanda kimya, mutu haonekani, tena mara moja! Mutoto wa Lusangi aliyelelewa vizuri angefanya nini? Na Salumu wa Kasongo angejuaje? Nikisema, Salumu anapona. Lakini nikisema, nitakuwa nimemuambia mama kwamba neno lililomuua mwanawe ni lake, alilomulisha pamoja na maziwa.

Nilizunguka na jambo hilo kama mwenye jipu. Alasiri ileile wakasema mutu wa dawa ameonekana njia ya Kabambare, atafika kesho. Nikaingia ndani, kwenye mukeka wake.

"Mama, nimemuona."

Hakuuliza nani. Nikamueleza yote, na tundu, na sikio, na alivyosema. Nilipofika pale pa "nangoja aite tena", akaufunika uso wake na kitambaa.

"Nilijua," akasema ndani ya kitambaa. "Siku ileile waliponiambia aliitwa na hakuitika, nilijua. Binti yangu, nilijua ni miye. Nikatafuta mutu mwingine wa kunibebea."

Ndipo alipolia. Sijasikia mutu akilia namna ile tena, na nimezika wengi. Nilimushika mabega, na mabega yalikuwa kama ya ndege.

Akamaliza. Akafunga kitenge chake, akatoka, akapita katikati ya watu wa matanga, wanawe wakimuita, "Mama, unakwenda wapi?" Akavuka ua. Akasimama mbele ya Salumu kwenye jua.

"Simama, mwanangu. Kazi yako hukuimaliza."

Salumu hakuelewa. Alifikiri anapelekwa kunyweshwa, akasimama. Tukaenda watatu. Njiani mama mukwe akamueleza, taratibu, akimushika mukono kama mutoto anayepelekwa jandoni. Nilimuona Salumu anasimama, anatembea, anasimama. Kapita akatufungulia.

Tukasimama chini, karibu na mashini. Pale sakafuni wamemwaga muchanga. Juu ya vichwa vyetu lile tundu bado limezibwa nusu na pamba, kama jicho lenye mutoto wa jicho.

"Muite," mama akasema.

Salumu akafungua mudomo, hakikutoka kitu. Akajaribu tena, ikatoka sauti ya mbuzi. Akashika ule ukuta aliokuwa anaushika akicheka.

"Mama, asipoitika?"

"Ataitika. Nimemulea mwenyewe."

Akavuta pumzi, akainua kichwa.

"Asumani!"

"Naam!"

Nawaapia. Si mimi peke yangu. Kapita mulangoni alisikia, akatoka mbio mpaka akaacha kiatu. Ilikuwa ileile, nyepesi, yenye kicheko ndani yake, sauti ya mutu aliyekwisha kupima na kuona anayemuita ni wa damu. Kisha tukasikia mbao za juu zinalia, hatua, hatua, kuelekea ngazini. Ngazi ikalia, kidato kwa kidato. Mutu hatukumuona. Vumbi la pamba tu lilishuka pale, likapita kati yangu na mama, na mukono wangu huu ukasikia joto, kama mutu amenipita karibu muno akielekea mulangoni.

"Nenda, baba," mama mukwe akasema. "Nenda sasa."

Salumu alikuwa amepiga magoti kwenye muchanga. Anaita tena, na tena, "Asumani! Asumani!" Hapana jibu. Mama akamuziba mudomo kwa kiganja, polepole. "Inatosha. Muache aende."

Dawa ilipofika, mama mukwe aliimwaga chini mbele ya wanawe, akawaambia neno lililomuua ndugu yao ni lake. Usiku uleule wanaume wa kiwanda waliingia kwenye banda la kuku, wakarudisha mbao kwenye tundu. Asubuhi kuku walikuwa wanatembea Kasongo nzima, na Bwana Filimbi alipuliza mpaka uso ukawa mwekundu, lakini hapana mukono uliokubali kuzing'oa tena. Na komeo halikuvutwa tena kwa kunyamaza. Mutu akikosa kuitika, wa chini alipanda akaangalia kwa macho.

Salumu alimulea Zuena kama wake. Lakini kucheka kule kwa kushika ukuta sikukusikia tena. Mama mukwe alikaa nami mpaka kufa. Hakurudi Lusangi. Mutoto alipokuwa mukubwa kidogo, nilimusikia akimufundisha pale kizingitini:

"Ukiitwa, itika palepale."

"Na kama ni muzimu, bibi?"

"Hata kama ni muzimu. Itika, mujukuu wangu. Itika."

Basi nanyi munaofanya kazi za mashini na za kupanda juu, musikie muzee. Ukiwa chini, usiamini kimya. Kimya si mutu ameondoka. Ita tena, na tena, kisha panda uone. Ukiwa juu, angalia unachokanyaga, na ukisikia jina lako, toa sauti. Na mbao za kuzuia mutu asianguke, asizitoe mutu kwa sababu ya haraka.

Mimi nimebaki. Nimezeeka, naita watu mara mbili mbili, wajukuu wananicheka. Asubuhi nyingine nakaa mulangoni, nasikiliza kichwa upande mumoja, kama yeye. Siku nitakaposikia "Mama Zuena", na nje hapana mutu, sitangoja ya pili.

Kwangu moja itatosha.